Namba Iliyojaza Mashimo Thelathini na Moja

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32: safu nne, kila safu mashimo manane. Kwenye baraza za Zanzibar au Lamu, kete zake 64 za komwe hutosha kuwashughulisha wachezaji wawili na watazamaji wao alasiri nzima. Lakini ubao huohuo unaweza kufundisha jambo lisilohusu mchezo. Kete ziwekwe kando, uletwe mchele. Shimo la kwanza litiwe punje moja, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, na kila shimo lipate maradufu ya lililotangulia.

Safu ya kwanza ikimalizika, ubaoni patakuwa na punje 255, kiasi cha kijiko cha chai. Safu ya pili ikimalizika zitafika 65,535. Kama punje elfu moja zina uzito wa gramu 20, hizo ni kilo moja na robo hivi, mlo wa familia. Safu ya tatu inafikisha punje 16,777,215, zaidi ya magunia matatu ya kilo mia mia. Hapo ndipo ubao unapozidiwa. Likijazwa shimo la 31, jumla ya punje zote itakuwa 2,147,483,647, na mchele huo utakuwa na uzito wa tani 43 hivi, yaani takriban magunia 430.

Limebaki shimo moja, la 32. Likifuata mtindo uleule, litahitaji punje 2,147,483,648: moja zaidi ya zote zilizotangulia zikijumlishwa.

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kwa mtazamo wa kwanza namba hii haina mvuto wowote. Hata hivyo iliwahi kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani, na mtu aliyeithibitisha alifanya kazi hiyo akiwa karibu kipofu kabisa. Leo imo ndani ya mamilioni ya mashine, na mwaka 2038 itazidai baadhi ya mashine hizo hesabu.

Wanahisabati huiandika kwa ufupi: 2³¹ − 1. Maana yake ni kuzidisha pamoja mbili thelathini na moja, kisha kutoa moja. Ufupi huo unaeleza tabia nyingi za namba hii, na ya kwanza inaonekana ukiwatazama majirani zake wawili.

Jirani wa juu, 2,147,483,648, amejengwa kwa mbili tupu. Ukimgawa kwa mbili, kisha jibu ukaligawa kwa mbili tena, na tena, utafika kwenye moja baada ya mara 31 bila kukutana na kigawo kingine chochote. Jirani wa chini, 2,147,483,646, ana ukoo mpana zaidi. Ni zao la 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, namba tasa saba tofauti katika mwili mmoja. Kati ya hao wawili wanaogawanyika kwa urahisi namna hiyo, imekaa namba isiyogawanyika kabisa. 2,147,483,647 haina kigawo isipokuwa moja na yenyewe. Ni namba tasa, kama zilivyo 2, 3, 5, 7 na 11.

Kusema hivyo ni rahisi. Kuthibitisha kwa mkono, bila mashine yoyote, ni kazi nyingine.

Namba zinazopatikana kwa kupunguza moja kutoka kwenye kipeo cha mbili zina historia ndefu. 2² − 1 ni 3, 2³ − 1 ni 7, 2⁵ − 1 ni 31, 2⁷ − 1 ni 127. Zote ni tasa, na mtu anaweza kudhani kwamba kila kipeo kilicho namba tasa kitazaa namba tasa. Kipeo cha 11 kinavunja dhana hiyo: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Mwitalia Pietro Cataldi alithibitisha mwaka 1588 kwamba vipeo vya 17 na 19 vinazaa namba tasa. Alidai hivyohivyo kwa vipeo vya 23, 29, 31 na 37. Kati ya madai hayo manne, la 31 tu ndilo lililokuja kuonekana kuwa sahihi.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wataalamu wa Ulaya nzima, alitoa orodha yake. Alisema kwamba hadi 257, vipeo vinavyozaa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Orodha hiyo ilikuwa na makosa: 67 na 257 hazistahili kuwemo, na ziliachwa 61, 89 na 107. Lakini swali alilouliza liliwashika watu kwa nguvu kiasi kwamba namba za aina hii hadi leo zinaitwa kwa jina lake, namba za Mersenne.

Kwa hiyo 31 ilikuwemo kwenye madai ya Cataldi na kwenye orodha ya Mersenne, lakini ushahidi haukuwepo. Aliyeuleta ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, Urusi. Jicho lake la kulia liliharibika angali kijana. La kushoto lilishikwa na mtoto wa jicho, na mwaka 1771 moto uliteketeza nyumba yake. Akiwa katika hali hiyo aliendelea kutunga hesabu kichwani na kuwatamkia wasaidizi wake waandike. Mwaka 1772, katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, alitangaza kwamba 2³¹ − 1 ni namba tasa.

Alijuaje? Njia ya kawaida ya kuipima namba ni kujaribu kuigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Ikiwa hakuna kigawo hadi hapo, mbele hakutakuwa na kipya, kwa sababu vigawo huja viwili viwili: kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo kuna karibu namba tasa 4,800. Kuigawa namba yenye tarakimu kumi mara 4,800, kwa kalamu na wino, ni kazi ya miezi.

Euler hakufanya hivyo. Alitumia kanuni inayosema kwamba kigawo chochote cha namba ya Mersenne hakiwezi kuwa namba yoyote tu. Kwa kipeo cha 31, kila kigawo kilicho tasa lazima kiache baki ya 1 kikigawiwa kwa 62. Kanuni hiyo inaonekana vizuri kwenye mfano mdogo wa 2,047, ambako kipeo ni 11 na hatua ni 22: vigawo vyake ni 23, yaani 22 na moja, na 89, yaani 88 na moja. Kisha kuna sharti la pili: kigawo lazima kiwe kando ya zao la nane, moja juu yake au moja chini yake. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, mlango unabana sana. Kinachobaki ni namba zinazoacha baki ya 1 au ya 63 zikigawiwa kwa 248.

Namba za aina hiyo chini ya 46,340 ni 372 tu ukiiacha 63 yenyewe, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo zinatupwa pia. 249 inagawanyika kwa 3. 311 ni tasa, inapimwa. 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241 zote zina vigawo, zinarukwa. Inayofuata kupimwa ni 1,303. Kutoka namba 4,800, zikabaki chini ya mia moja. Kila moja ikajaribiwa, na hakuna hata moja iliyoigawa 2,147,483,647 bila baki.

Ushahidi huo ulileta zawadi nyingine. Tangu enzi za Wagiriki watu wamezitafuta namba kamilifu, zile ambazo vigawo vyake vikijumlishwa, bila kuihesabu namba yenyewe, vinarudisha namba ileile. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha, takriban miaka 2,300 iliyopita, kwamba kila namba tasa ya aina hii huzaa namba kamilifu: chukua kipeo kimoja pungufu cha mbili, ukizidishe kwa namba tasa hiyo. 2 × 3 inatoa 6, na 4 × 7 inatoa 28. Kwa njia hiyohiyo 2³⁰ ikizidishwa kwa 2,147,483,647 inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu yenye tarakimu 19.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kitabu cha nadharia ya namba, akaitaja namba kamilifu hiyo. Aliona kwamba huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Hoja yake haikuwa kwamba kubwa zaidi hazipo. Alisema namba hizi zinavutia tu lakini hazina matumizi, kwa hiyo haielekei kwamba mtu atajisumbua kutafuta nyingine.

Barlow alikosea mara mbili. Watu walijisumbua: mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Tangu mwaka 1996 maelfu ya watu wa kujitolea wameunganisha kompyuta zao kwa kazi hiyohiyo, na Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Ile ya Euler ni ya nane katika msururu huo.

Mtu anaweza kutamani njia ya mkato. Kipeo cha 5 kilizaa 31, ambayo ni tasa. Kipeo cha 31 kikazaa 2,147,483,647, nayo ni tasa. Je, ikifanywa kipeo nayo, itazaa tasa nyingine? Namba hiyo ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646, za kutosha kujaza mamia ya vitabu. Jibu lake linajulikana, na ni hapana: inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Kigawo hicho nacho kinatii kanuni aliyoitumia Euler. Ukikipunguza moja, kinachobaki kinagawanyika kwa 2,147,483,647 bila baki.

Kosa la pili la Barlow ni kuhusu matumizi. Kompyuta haiwezi kurusha dado, lakini michezo ya simu, utabiri wa hali ya hewa na majaribio ya kisayansi yanahitaji namba zinazoonekana kama za bahati nasibu. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller wa Marekani walipendekeza kanuni moja ya kiwango cha chini kinachokubalika. Chukua namba yoyote ya kuanzia, izidishe kwa 16,807, igawe kwa 2,147,483,647, kisha ubakize baki tu. Baki hilo ndilo namba mpya, nalo linapitishwa njia ileile. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea bila mpangilio unaoonekana kwa macho.

Uzuri wake uko kwenye utasa wa namba. Kwa sababu 2,147,483,647 ni tasa, na 16,807 ilichaguliwa kwa makini, msururu huo hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Kama namba ya kugawia ingekuwa na vigawo, baadhi ya namba zingeachwa nje na mzunguko ungejirudia mapema. Kile alichokipima Euler kwa sababu ya hamu ya kujua ndicho kinachohakikisha kwamba hakuna namba inayorukwa.

Hata hivyo wengi wanaokutana na namba hii leo hawakutani nayo kwa sababu ya utasa wake. Wanakutana nayo kama ukuta.

Hapa ubao wa bao unarudi. Kompyuta huhifadhi namba katika vyumba vidogo viitwavyo biti, na kila kimoja kina hali mbili tu: kina kitu au ni kitupu. Kwa miongo mingi mtindo uliozoeleka ulikuwa kuipa kila namba nzima biti 32. Hebu ziwe mashimo ya bao, na kila shimo liruhusiwe kete moja tu au lisiwe na kitu. Kete ya shimo la kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kadhalika. Namba tano basi ni kete kwenye shimo la kwanza na la tatu. Kete mbili zikikutana shimo moja, shimo hilo huachwa tupu na kete moja huhamia shimo linalofuata.

Kompyuta inahitaji pia namba hasi, na kwa hiyo shimo la 32 limetengwa kwa kazi hiyo. Kete iliyomo humo huhesabiwa kama deni la 2,147,483,648. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa bila deni ni mashimo 31 yote yakiwa yamejaa na la 32 likiwa tupu. Hiyo ndiyo 2,147,483,647.

Ukiongeza moja, shimo la kwanza linapata kete mbili. Linaachwa tupu, kete inahamia la pili, ambalo nalo lina kete tayari. Linaachwa tupu pia. Mtiririko huo unakwenda hadi shimo la 32, na ubao mzima unabaki na kete moja tu, ile ya deni. Aliyekuwa na zaidi ya bilioni mbili sasa anadaiwa zaidi ya bilioni mbili, na mashine haijatambua kwamba kuna kosa.

Mwaka 2014 video ya wimbo wa Gangnam Style wa mwanamuziki PSY wa Korea Kusini iliukaribia ukuta huo kwenye YouTube, ambako idadi ya watazamaji ilikuwa imetengewa biti 32. Desemba mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba imehamia biti 64, ambako kikomo ni 9,223,372,036,854,775,807.

Pesa nazo huufikia ukuta huu haraka kuliko inavyodhaniwa. Programu ya duka ikihifadhi shilingi kwa senti ndani ya biti 32, kiasi kikubwa kinachoweza kuandikwa ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi ya Tanzania, lori moja la mchele linaweza kupita hapo.

Kuna tukio linalofanana na hilo angani. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliwaagiza wenye ndege za Boeing 787 wazizime umeme kabisa kila baada ya muda. Sababu ni kwamba programu inayosimamia jenereta ingeshindwa kazi baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo, na jenereta zote zingeweza kuzimika kwa pamoja. Siku 248 na nusu ni sekunde 21,474,836 hivi. Zikihesabiwa kwa mia za sekunde, ni 2,147,483,648, ukuta uleule. Kwamba 248 ndiyo pia hatua aliyoitumia Euler kupepeta vigawo ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayokumbukika.

Ukuta unaosubiriwa zaidi ni wa saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa kuamkia Januari 1, 1970 kwa saa za dunia. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku chache, na mifumo iliyotengewa biti 32 itafikia mwisho Jumanne, Januari 19, 2038. Mifumo mipya imekwishahamia biti 64, ambazo zinatosha kwa mamia ya mabilioni ya miaka. Wasiwasi uko kwenye vifaa vya zamani vilivyosahauliwa ukutani au chini ya ardhi: mita, mitambo ya kuongozea maji na umeme, vidhibiti vya viwandani vilivyofungwa miaka mingi iliyopita na visivyobadilishwa programu. Wahandisi wanavisaka, kifaa kwa kifaa.

Kwa saa za Afrika Mashariki, kikomo hicho kitaangukia saa kumi na mbili asubuhi, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde moja baadaye, kifaa ambacho hakikurekebishwa kitajaza shimo lake la 32 na kurudi nyuma miaka 136. Kitaonyesha kwamba ni Ijumaa, Desemba 13, 1901, karibu na saa sita usiku, mwezi uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu.